Kipimo Kimepita kwa Doto

Jumatatu, 24 Aprili

Nimeamka mara nne kwa ajili ya Sayi. Jino linatoka. Uji, maji, kufagia, kumfunga mgongoni, shambani. Palizi ya mwisho ya pamba. Mgongo si wangu tena.

Saa nne Landrova ya serikali imenasa kwenye mbuga yangu, shamba la bondeni. Walitaka kukatisha. Nani anakatisha mbuga mwezi wa nne? Udongo ule mweusi ukishika tairi hauachii. Wamesukuma mpaka mkubwa wao, mwenye kofia, akapoteza kiatu. Mume wangu, baba Limi, amewavuta kwa maksai wetu wawili. Nimecheka, Sayi naye akacheka mgongoni bila kujua sababu.

Wanatafuta mahali pa kujenga kambi ya jeshi la akiba. Mgambo watafundishwa hapo. Mabweni, ghala, uwanja wa kulenga shabaha. Fungu la kununulia ardhi na kuanzia ujenzi limeshatoka, wanasema. Mwenye kofia amesimama kwenye mbuga yangu kwa kiatu kimoja akasema hapa hata choo hakisimami.

Doto amewaletea maji ya kunawa. Doto ni pacha wangu. Anakaa ng'ambo ya tuta la mpaka wetu, peke yake, tangu alipomwacha mumewe huko Nyashimo. Hana mtoto. Amewanawisha mpaka miguu, kama wakwe.

Alhamisi, 27 Aprili

Wamerudi na kamba na vyuma. Mbuga yangu hawakuigusa. Wamepima shamba lote la Doto na mashamba ya juu yake mpaka barabarani. Kipimo kimepita juu ya tuta letu. Bikoni moja ya mpaka iko hatua tatu kutoka kwenye pamba yangu.

Nimemwonea huruma. Niandike ukweli: nimemwonea huruma na nikajisikia vizuri.

Mwaka aliougua baba alitutoa nyumbani sisi wawili tu, akatembea kwa fimbo mpaka hapa. Akasema kaka yenu nimempa ng'ombe, hapa ni penu. Kisha akasema Kulwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa, achague. Nikachagua mbuga. Mpunga chini, pamba juu, unyevu mpaka mwezi wa saba. Sikufikiri hata mara moja. Doto akabaki na luseni, mchanga wa mihogo na viazi. Alisema sawa.

Sasa hata huo mchanga unachukuliwa.

Jumanne, 2 Mei

Mwenyekiti ameita wote waliopitiwa na kipimo. Mimi nimeenda kusikiliza tu, nimesimama nyuma.

Watalipwa. Ardhi, nyumba, mazao yaliyosimama, hata mpapai. Watalipwa taslimu mjini Bariadi kabla mwezi wa sita haujaisha. Nimeelewa kwa nini wenye mashamba ya juu wameacha kulia.

Jeshi linataka mchanga. Mchanga unashika msingi, maji hayatuami. Mbuga yangu nzuri haifai kwa kitu chochote cha serikali.

Nimerudi nyumbani nikamchapa Limi kwa sababu ya kikombe. Kikombe hakikuvunjika. Baadaye nimemkumbatia, na nimemwambia hata hivyo vikombe si vya kuchezea.

Jumamosi, 6 Mei

Pamba ya kwanza imefunguka. Doto amekuja kunisaidia kuchuma. Anachuma huku anaimba. Mikono yake ni myepesi, analala usiku kucha.

Jumatano, 17 Mei

Mthamini ameingia kwa Doto leo. Kijana mpole, ana kitambaa cha kufutia jasho na karatasi kwenye ubao. Amehesabu mihogo mstari kwa mstari. Amepima nyumba yake ya chumba kimoja kwa utepe, Doto anamshikia ncha. Amehesabu matuta ya viazi. Mchanga ule ule ambao mimi niliukataa unaandikwa na serikali kwa kalamu ya wino.

Jioni Doto amekuja na michembe, viazi vikavu, kwenye ungo, tukae tutafune. Amenieleza yote. Atanunua cherehani. Atapanga chumba mjini Bariadi, Somanda, upande wa hospitali, chenye kibaraza mbele. Siku hizi marobota ya mitumba yanafunguliwa mnadani kila wiki na nguo za Wazungu ni pana, kila mtu anataka zipunguzwe. Atapunguza. Ameshafikiria hadi rangi ya pazia.

"Kulwa, gauni la kwanza ni lako," amesema. "La pili la Limi."

Nimesema wabeja, asante. Kinywa kimesema. Moyo umekaa kama jiwe la kusagia.

Mimi nilisoma naye dawati moja mpaka darasa la saba. Mimi ndiye nilikuwa namshinda hesabu.

Jumapili, 21 Mei

Limi amelala kwa Doto jana, hataki kurudi. Amesema kwa mama mdogo hakuna kelele.

Naandika bila kuficha. Namwonea wivu dada yangu. Namwonea wivu kwa mgongo wake ulionyooka, kwa matiti yake ambayo hayajanyonywa, kwa kuamka anapotaka. Namwonea wivu hata kwa kuachana na mume, maana hakuna anayemwuliza chakula kiko wapi. Hayo yote nilikuwa nayavumilia kwa sababu nilikuwa na mbuga. Mbuga ndiyo ilikuwa inanipa uzito. Sasa naona hata hiyo ilikuwa mzaha.

Kwetu mapacha hawapewi kimoja. Mgeni akija na kitenge, anakuja na viwili, la sivyo aache, maana atakayekosa ataugua. Hata sabuni mama alikuwa anaikata kwa uzi katikati. Serikali haijui hayo. Imempa mmoja.

Naumwa kweli. Kifua kinabana.

Ijumaa, 2 Juni

Nimefanya jambo la kijinga. Nimemfunga Sayi mgongoni nimetembea mpaka kwenye hema la wapimaji. Nimemwomba mwenye kofia achukue na mbuga yangu. Nimemwambia uwanja wa shabaha hauhitaji msingi.

Amenikumbuka, ndiyo ile mbuga iliyokula kiatu chake. Hakuwa mbaya. Amesema ramani imeshapelekwa, fungu limepangwa kwa ukubwa ule, haliongezeki hata kwa hatua moja.

Kisha amesema, "Na mama, sisi tunafundisha mgambo. Hatufugi bata."

Wenzake wamecheka. Hata mpishi wao amecheka, na ugali ulikuwa unaungua.

Nimerudi kwa njia ya nyuma ili Doto asinione. Ameniona. Ameuliza nimetoka wapi na jua hili. Nimesema kutafuta dawa ya mtoto.

Jumanne, 6 Juni

Kuchuma, kuchambua. Safi huku, fifi, ile chafu, huku. Wanunuzi binafsi wameshafika na malori yao, ghala la ushirika limefungwa nusu mlango. Baba Limi anasafirisha pamba za watu kwa mkokoteni, namwona usiku tu. Sayi ana homa kidogo.

Doto ameleta uji. Nimeunywa. Sikumshukuru.

Ijumaa, 9 Juni

Mkutano wa kuthibitisha majina. Uwanjani, shuleni. Mthamini anasoma jina, mwenye jina anasimama, anasema shamba alilipataje na shahidi wake nani. Wengi walijibu haraka. Bibi Holo, jirani wa Doto kwa juu, amesema shahidi wake ni makaburi ya wanawe wawili. Ameandikwa.

Likasomwa jina la Doto. Amesimama amevaa khanga yake mpya. Amesema amepewa na baba. Shahidi?

"Pacha wangu huyo. Tulikuwa watatu tu siku hiyo, na baba ameshatangulia."

Watu wote wamegeuka kunitazama. Sayi alikuwa ananyonya. Mthamini ameniuliza, mama, unathibitisha?

Niliiona ile cherehani. Niliiona wazi kabisa, na kibaraza, na pazia, na Limi amekaa pale kwenye kigoda anaokota vipande vya nguo, ananiita mimi mama mkubwa.

Nikasema, "Mimi sikumbuki."

Ameniuliza mara ya pili. Nimejibu vile vile. Amesema basi, ameandika neno karibu na jina la Doto. Mwenyekiti ameliangalia akatikisa kichwa. Limeandikwa mgogoro.

Alikaa chini taratibu kama mtu anayekaa kwenye maji asiyojua kina chake.

Jumamosi, 10 Juni

Baba Limi amesikia gulioni. Ameingia na kusimama mlangoni.

"Wewe hukumbuki? Wewe unayekumbuka hadi jembe nililopoteza mwaka tuliooana?"

Amekula ameondoka.

Jumatano, 14 Juni

Sijasema uwongo mkubwa. Sikusema baba hakumpa. Nimesema sikumbuki. Mtu anaweza asikumbuke. Nimejirudia hivyo siku tano.

Na niandike hili pia: siku tatu za kwanza nilifurahi. Kifua kilifunguka. Nilichuma pamba nyingi kuliko siku zote.

Leo Doto amekuja. Hakubeba kitu. Alisimama upande wake wa tuta, hakuvuka.

"Kulwa, kweli hukumbuki?"

Nikamwambia mtoto hanilazi, kichwa kimekuwa chungu kilichotoboka, nasahau hata chumvi. Nimemsingizia mtoto wa miezi minane.

Ameitikia kwa kichwa. Ameondoka.

Jumatatu, 19 Juni

Kaka Mayunga ameshuka kwenye basi la mchana. Ana duka dogo Binza, kule Maswa. Hajakanyaga kwetu mwaka mzima. Leo ameleta sukari, sabuni, na pipi za Limi. Ameniita dada mkweli.

Nilijua alichofuata kabla hajanywa chai.

Amesema nimefanya vizuri kusimama na ukweli mbele za watu. Mabinti hawagawiwi ardhi ya ukoo, wanalimishwa tu, wanaazimwa. Kwa hiyo fidia ya luseni ni yake, ameshapita kwa mwenyekiti kuandikisha. Halafu amegeuka, ameitazama mbuga yangu ilivyonyooka mpaka kwenye mitete.

"Na huku," amesema, "maliza pamba yako ya msimu huu, sina haraka. Msimu ujao nitaleta trekta."

Alisema kwa upole. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kama baba hakumpa Doto, hakunipa na mimi. Ilikuwa siku moja, kauli moja, fimbo moja. Mtoto wa darasa la pili angeliona hilo. Mimi niliyeshinda hesabu sikuliona.

Jumanne, 20 Juni

Nimemweleza baba Limi yote, hadi habari ya bata. Alikuwa anapaka grisi gurudumu la mkokoteni. Amesikiliza mpaka mwisho. Amesema wivu ni kama kichaa cha mbwa, akikung'ata leo unaumwa baada ya wiki. Amesema niende kwa mwenyekiti leo hii, nisingoje asubuhi.

Nimeenda. Mwenyekiti amesema maneno yaliyosemwa mkutanoni hayafutwi jikoni. Yaliyosikiwa na watu wote yasikiwe tena na watu wote. Atapiga mbiu Ijumaa.

Amesema pia, na hili linanikaa: fungu lina mwisho. Si fungu la kudumu.

Ijumaa, 23 Juni

Nimesimama. Nimesema baba alitugawia mbele yangu na mbele ya Doto. Mimi mbuga, yeye luseni. Nimesema nilikumbuka tangu mwanzo. Nimesema niliona wivu.

Bibi Holo, palepale alipokaa:

"Kwa hiyo akili imerudi na basi la Maswa?"

Wamecheka, na ndivyo ilivyo. Sikukumbuka kwa ajili ya Doto. Nimekumbuka kwa ajili ya mbuga. Naiandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye.

Mayunga ameinuka amesema hatakula tena kwangu mpaka afe. Mwenyekiti amemwuliza kama yeye anaye shahidi kwamba baba hakugawa. Hana. Muhtasari umeandikwa, watu wametia dole gumba. Mayunga ameondoka na sabuni aliyoileta. Pipi zilikuwa zimeshaliwa.

Doto alikuwepo. Hakunitazama.

Jumatatu, 26 Juni

Bariadi. Nimepanda juu ya lori la pamba la mnunuzi mmoja, Sayi kifuani, Doto upande wa pili wa marobota. Njia nzima hatukusemezana. Pamba imejaa puani.

Ofisini wamepokea muhtasari. Karani amesema ni mzuri, umekaa sawa, ila neno mgogoro likishaandikwa linafutwa kwa saini ya mkubwa wa ofisi. Mkubwa ameitwa Shinyanga. Anarudi Jumatano.

Doto amemwambia karani asante. Kwa karani anaweza kusema asante.

Jumatano, 28 Juni

Siku ya malipo. Watu wetu wote wa mashamba ya juu wamepangwa kwenye foleni, wameoga, wamevaa. Anaitwa mmoja mmoja dirishani. Bibi Holo ametoka amefunga fedha zake kwenye pindo la khanga, akapita mbele yetu, akamshika Doto bega. Mimi amenipita.

Mkubwa hajarudi. Gari limeharibika njiani, inasemekana.

Tumekaa kwenye benchi na Doto mpaka dirisha limefungwa. Sayi amemlilia yeye. Amempokea, amembembeleza, amemrudisha. Mikono yetu haikugusana.

Tumelala kwa mama mmoja wa Somanda anayefahamiana na Doto. Nje kuna kibaraza. Nadhani ndicho kile. Sikuuliza.

Ijumaa, 30 Juni

Mkubwa amefika saa nane mchana na vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakukaa hata kunywa maji. Amesoma muhtasari wote, amenitazama, amemtazama Doto, hatofautishi. Ametia saini. Amesema poleni kina mama.

Tumekimbia dirishani. Kweli tumekimbia, mtoto anaruka mgongoni.

Mtunza fedha alikuwa amefunga kitabu. Ametueleza taratibu, kama mwalimu. Mwaka wa serikali unaisha leo. Leo hii, si Desemba. Fedha ambayo haikutumika hailali ofisini, inarudi ilikotoka, na hesabu imeshafungwa tangu saa sita. Tuje Jumatatu tuone kama kuna namna.

Sikuwahi kujua kwamba mwaka unaweza kuisha katikati.

Jumatatu, 3 Julai

Hakuna namna.

Jina la Doto liko kwenye jalada, safi, halina mgogoro. Likija fungu jingine atalipwa. Lini? Karani amefungua mikono. Lakini ardhi imeshahesabika kuwa ya kambi, kwa sababu ramani ni moja na imeshatiwa saini. Hawezi kurudi kulima.

Tumetoka nje, tumekaa kwenye ukingo wa mtaro. Watu wanapita na baiskeli. Doto alikuwa anachora chini kwa kijiti, mistari tu. Hakulia.

"Ulikumbuka lini, Kulwa?"

Ningeweza kusema alipokuja Mayunga. Ningeweza kusema polepole, kidogo kidogo.

Nimesema, "Siku ile ile. Kabla hujamaliza kusema."

Amechora mstari mwingine mmoja. Kisha amesimama, amejipangusa vumbi, ameenda kutafuta lori. Mimi nimemfuata nyuma.

Jumatano, 12 Julai

Mgambo wamekuja kufunga waya. Vijana wa hapa hapa, wengine tumesoma nao. Wamemwambia Doto kwa adabu, dada, toa vyombo. Ametoa. Vyungu vinne, kitanda cha kamba, jembe, ungo. Nyumba yake ya udongo haikuwachukua hata asubuhi nzima kuiangusha.

Mihogo wamemruhusu ang'oe. Nimeenda kumsaidia. Hakunifukuza. Tumeng'oa mistari yote ile iliyohesabiwa.

Amehamia kwenye jiko letu. Hana pengine.

Alhamisi, 20 Julai

Anapika kabla sijaamka. Anafagia. Anachota maji. Anafanya kama mgeni anayelipia malazi. Nimemwambia aache. Ameniambia kwa upole hapana, dada.

Hajawahi kuniita dada maisha yake yote. Tumezaliwa kwa kupishana dakika.

Nimelia chooni. Halafu nimetoka nikakemea kuku.

Jumanne, 25 Julai

Saruji imeletwa lori moja, na bati. Msingi wa ghala umechimbwa kwenye matuta ya viazi ya Doto. Mchanga umeshika vizuri, sawa na walivyosema.

Jumamosi, 29 Julai

Nimewaita watu. Mwenyekiti, Bibi Holo, jirani wa chini, baba Limi, na wengine wanne. Safari hii mashahidi wawe wengi.

Baba Limi alinung'unika jana kutwa. Amesema pamba ya msimu ujao itakuwa nusu, na watoto wanakula mara tatu. Nimemwambia mbuga ile ni yangu, haikuletwa na ng'ombe wa mahari, na mimi ndiye niliyeiweka rehani kwa ulimi wangu. Asubuhi ndiye aliyekata vigingi.

Nimetembea na Doto katikati ya mbuga mpaka kwenye mitete. Nimesema mbele yao wote: nusu hii ni ya Doto, si kulimishwa, ni kwake, na fungu likija siku moja ni lake pia, sitaomba hata kitambaa. Mwenyekiti ameandika. Nimesoma kwa sauti neno kwa neno, kisha nimetia saini, si dole gumba.

Bibi Holo amemwuliza Doto kama amepokea.

Doto ameinama ameshika bonge la udongo, amelivunja kwa vidole. "Nimepokea shamba," amesema. "Mengine nitapokea nikiweza."

Ni haki yake. Nimekubali.

Jumatatu, 7 Agosti

Ujenzi umesimama. Ukuta wa ghala umefika magotini. Wanasema fungu la mwaka mpya halijafika. Mgambo wawili wanalinda mifuko ya saruji, wamebanika mahindi. Mmoja amekuja kuomba chumvi, Doto amempa.

Jumapili, 13 Agosti

Upepo wa kipupwe. Pamba imekwisha kuuzwa yote, shamba ni vijiti vitupu. Tunang'oa masalia na kuchoma, kila mmoja upande wake. Saa sita tumerudi.

Leo amesema maneno matatu zaidi ya jana. Amesema Sayi ana jino la nne. Nimesogea kuangalia. Kweli.

Sasa ni mchana. Limi yuko kwa jirani. Doto amejilaza mkekani ukumbini, Sayi tumboni kwake, mdomo wake wazi kidogo, mkono mmoja umeanguka sakafuni. Nzi anatembea kwenye kiganja hajui. Nilijilaza na mimi pembeni, nikafumba macho, nikaona dirisha la mtunza fedha. Nikaamka. Nimechukua daftari.

Hana shamba lake la zamani, hana fidia, hana cherehani, anakaa jikoni kwangu. Na analala vile.

Bado namwonea wivu.